Kulifuata gunia: jinsi ya kutafiti safari ya chakula cha msaada kutoka Dar es Salaam hadi Nyarugusu

Mtafiti wa lojistiki ya misaada anayeanza na ripoti ya mwaka ameanza na mwisho. Ripoti itampa tani zilizoingia na tani zilizogawiwa, na tofauti yake itakuwa ndogo na nadhifu. Kisichoonekana humo ni kwamba tani hizo hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Bandarini huandikwa kwenye hati ya shehena ya meli. Barabarani lori zima hupanda mizani. Ghalani watu huhesabu magunia kisha huzidisha kwa kilo 50. Kwenye kituo cha mgao unga huchotwa kwa kopo. Kila kipimo kinapobadilika pana mwanya, na kazi ya utafiti ni kuchungulia mianya hiyo mmoja baada ya mwingine.

Tutachukua njia moja: chakula kinachoshushwa Dar es Salaam, au kununuliwa humu nchini kutoka kwa wauzaji kama NFRA (Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula), kikapita Isaka mkoani Shinyanga penye bandari kavu, kikafika Kasulu mkoani Kigoma kwa ajili ya kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa wakimbizi wa Kongo na kupokea Warundi wengi kuanzia 2015. Mbinu ni zilezile ukitafiti njia ya Mombasa hadi kambi ya Kakuma nchini Kenya. Zinazobadilika ni ofisi za kubisha hodi.

Vibali

Anza miezi minne hadi sita kabla ya kwenda. Mtafiti mgeni huomba kibali COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mhadhiri au mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa nchini kwa kawaida hupewa barua ya utafiti na chuo chake. Barua hiyo haikupitishi getini Nyarugusu. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kuingia eneo la wakimbizi kunataka kibali kingine kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, idara inayoshughulikia wakimbizi. Kisha kuna idhini ya shirika lenye chakula, kwa kuwa hati ni zake, na ya kampuni ya usafirishaji, kwa kuwa madereva ni wake. Kwa Kenya, ofisi za kuanzia ni NACOSTI, tume yao ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.

Kwenye maombi taja kila kitu: majina ya wasaidizi, mizani, kipima unyevu, simu za kuingizia data, na maghala yaliyo nje ya kambi kwa majina yao. Watu husahau kuandika mizani, wakafika nayo getini na kuambiwa iachwe hapo. Utafiti wa upotevu bila mizani unabaki kuwa mazungumzo.

Swali liwe na namba ndani yake

"Ni changamoto zipi zinazoikabili lojistiki ya misaada Kigoma?" si swali la utafiti. Jibu lake linajulikana kabla hujapanda basi: barabara, mvua, fedha. Maswali yanayolipa ni ya aina hii: kati ya siku ambazo shehena hutumia kutoka melini hadi kugawiwa, ni ngapi mzigo unatembea na ni ngapi umelala? Kilo ngapi kwa kila mia hupungua kati ya ghala la Isaka na mkono wa mwenye kadi, na zinapungulia hatua gani? Akiba ya siku ngapi inatosha ili mgao usichelewe wakati wa mvua?

Chagua moja. La pili liwe la ziada, la tatu mwachie mwenzako.

Jihadhari pia na namba za kurithi. Utakutana mara nyingi na dai kwamba asilimia 80 ya kazi ya maafa ni lojistiki. Mtafiti wa lojistiki Luk Van Wassenhove aliliandika mwaka 2006, na tangu hapo limenakiliwa kuliko lilivyopimwa. Ukitaka kulitumia, sema kwanza nini umekiita lojistiki: bei ya chakula chenyewe imo au haimo? Jibu la swali hilo peke yake laweza kuipandisha au kuiporomosha asilimia yako.

Karatasi kwanza, watu baadaye

Kila lori la chakula hutembea na hati ya safari ya mzigo yenye nakala kadhaa. Ghala linalotuma hujaza namba ya shehena, aina ya chakula, idadi ya magunia, namba za gari na tela, jina la dereva, namba ya sili (lakiri ya kufungia mzigo), tarehe na saa ya kuondoka. Ghala linalopokea hujaza sehemu ya chini: yaliyofika salama, yaliyoharibika, yaliyopungua, tarehe na saa. Hati hiyo moja ndiyo mstari mmoja wa jedwali lako.

Chukua miezi 12 mfululizo, isipungue. Mvua za Kigoma huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili. Data ya Juni hadi Septemba itakuonyesha barabara ambayo haipo nusu ya mwaka. Hati zikiwa chini ya 600, ingiza zote. Zikizidi, chagua kwa mwezi: kila mwezi upate idadi yake, kwa kuanzia namba ya bahati nasibu na kuruka hatua sawa. Asilimia 10 ya hati ziingizwe mara mbili na watu wawili tofauti, mlinganishe. Makosa yakizidi moja katika kila visanduku mia, rudia yote.

Haya ndiyo yatakayokupotosha.

Saa. "Saa 2:00" kwenye hati inaweza kuwa saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, au saa nane usiku au mchana kwa anayefuata saa ya simu. Safari ya lori hurefuka au kufupika kwa saa sita kwa sababu ya kalamu tu. Muulize kila karani anavyoandika, kisha wewe uweke zote kwa mfumo wa saa 24.

Tarehe. 03/04 ni tarehe tatu Aprili kwa karani, lakini kompyuta iliyowekwa mtindo wa Kimarekani itaisoma tarehe nne Machi. Ingiza siku, mwezi na mwaka katika safu tatu tofauti. Safari zenye siku hasi au siku 30 na ushei ndizo za kwanza kukaguliwa.

Mzigo uliogawanyika. Lori moja laweza kubeba unga na mafuta kwa hati mbili, na hati moja yaweza kupokelewa kwa siku mbili kwa sababu jua lilizama kabla ya kumaliza kushusha. Weka namba ya hati na namba ya gari pamoja, la sivyo utahesabu safari moja mara mbili.

Saa za kujazia pamoja ndizo mbaya kuliko zote. Mtunza ghala mwenye malori saba hajazi saa kila lori likifika. Hukaa jioni akajaza zote. Utaona malori yote ya siku yamefika saa 17:00. Dawa yake ni daftari la mlinzi wa getini. Mlinzi huandika gari likiingia na likitoka, hana ripoti ya kupendezesha, na daftari lake ni chafu lakini la kweli. Omba kulipiga picha kurasa zake, ulioanishe kwa namba ya gari. Tofauti ya saa ya getini na saa ya hati ndiyo muda ambao lori lilisubiri kushushwa, na mara nyingi hakuna hati nyingine inayouonyesha.

Ukishapata saa, kata safari vipande: kushushwa melini, kutoka bandarini, kupakiwa, kufika Isaka, kutoka Isaka, kufika Kasulu, kuingia kituo cha mgao, siku ya mgao. Kila kipande kipe muda wa kati (ule unaogawa shehena nusu kwa nusu) na muda ambao shehena 9 kati ya 10 zilikuwa zimekwisha kupita. Achana na wastani. Lori moja lililokwama wiki tatu linauvuta wastani wa mwezi mzima, nawe utaandika kuhusu barabara mbovu kumbe ni sanduku la gia.

Mizani, na kwa nini tani za kwenye hati si uzito

Hati ikisema tani 30 ina maana kwamba mtu alihesabu magunia 600. Hakuna aliyepima. Gunia lililotoboka likamwaga kilo tatu bado ni gunia moja, na kwenye leja bado ni kilo 50. Kwa hiyo upotevu wa ndani ya gunia hauonekani ghalani kabisa. Huibuka kwenye kopo la mgao, na lawama humwangukia mchotaji.

Nunua mizani ya kuning'iniza yenye uwezo wa kilo 100, isomayo gramu 50 au chini ya hapo, pamoja na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kila asubuhi, mchana na jioni, pima jiwe hilo na uandike usomaji. Betri ikichoka mizani hudanganya polepole, na bila daftari la jiwe hutajua ilianza lini.

Magunia mangapi? Pima 30 ya majaribio upate yanavyotofautiana. Tuseme mtawanyiko wa kawaida (standard deviation, kipimo cha jinsi uzito unavyoachana na wastani) ni kilo 0.6 nawe unataka wastani usiokosea zaidi ya kilo 0.1 kwa uhakika wa asilimia 95: 1.96 (namba ya kitakwimu ya uhakika huo) zidisha 0.6, gawa kwa 0.1, kisha jibu lijizidishe lenyewe. Inakuja 138.3, yaani magunia 139. Usiyapime yote kwenye lori moja. Magunia ya lori moja huwa yametoka kinu kimoja na siku moja, hivyo yanafanana kama ndugu. 15 kutoka kila lori kwa malori 10 yanakueleza zaidi kuliko 50 kutoka malori matatu.

Pima wakati wa kushusha, si kwenye rundo. Rundo hukupa magunia ya pembeni na ya juu tu, na ya katikati huyafikii. Lori la magunia 600 likishushwa, anza na namba ya bahati nasibu kati ya 1 na 40, kisha kila la 40. Wapakiaji wana desturi ya kuyaweka kando yaliyopasuka na kuyashusha mwisho. Yahesabu kwa orodha yake, usiyachanganye na sampuli. Kumbuka na uzito wa gunia tupu. Kama ni takriban gramu 100, magunia 600 ni kilo 60 ambazo si chakula.

Kwa mahindi ambayo hayajasagwa, pima unyevu pamoja na uzito. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini mzigo huweza kupakiwa ukiwa juu ya hapo na kukauka njiani. Mahindi yakitoka asilimia 14 kwenda 12.5, uzito hushuka kwa sehemu ya 86 juu ya 87.5, karibu asilimia 1.7. Gunia la kilo 50 linafika na kilo 49.1 bila punje moja kuibwa. Ripoti ngapi zimemwita mtu mwizi kwa sababu ya maji yaliyopanda angani!

Mizani ya barabarani, kama ya Vigwaza mkoani Pwani, hupima lori zima ili kulinda barabara. Inafaa kuthibitisha kwamba lori halikubadilishwa mzigo kati ya mizani mbili, lakini mafuta ya tangi peke yake huweza kuficha magunia kadhaa. Usiitumie kupima upotevu mdogo.

Kopo

Hapa ndipo kwenye mwanya mkubwa, na ndipo watafiti wengi huwa wamechoka au muda wao wa kibali umekwisha. Panga kazi ya kituo cha mgao kabla ya kazi ya ghala, hata kama kwenye ramani inakuja mwisho.

Kopo hupima ujazo, wakati haki ya mkimbizi imeandikwa kwa gramu. Unga uliogongwagongwa ndani ya kopo ni mzito kuliko uliomiminwa. Kopo la kilima si sawa na la kusawazishwa kwa ubao. Unga wa kinu kingine una uzito mwingine. Kila siku ya mgao, kabla milango haijafunguliwa, mwombe mchotaji achote mara 10 kama kawaida yake na upime. Rudia saa sita mchana na nusu saa kabla ya kufunga. Mikono ikichoka, au chakula kikionekana hakitatosha, kopo hupungua bila mtu kuamua.

Kisha pima kaya zikitoka. Meza yako iwe baada ya mlango wa kutokea, mahali ambapo mwenye kadi hataonekana kama anamshitaki mchotaji. Ridhaa kwanza: "Shikamoo mama. Tunapima uzito wa mgao kwa ajili ya utafiti. Jina hatuandiki, kadi hatuishiki, ukikataa mgao wako haubadiliki." Pima kaya 25 kwa kila mlango wa mgao, milango sita, katika siku tofauti za mzunguko, na uzigawe kwa ukubwa wa familia. Pima chombo kitupu pia. Ndoo ya plastiki na kiroba si kitu kimoja.

Kuhusu kiwango cha kulinganishia: kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku ni kipimo cha kupangia mgao kamili, lakini Tanzania mgao umewahi kupunguzwa zaidi ya mara moja kwa upungufu wa fedha, ikiwemo 2017 na 2023. Linganisha kilichopokelewa na kilichotangazwa mwezi huo ubaoni. Ukilinganisha na mgao kamili utachanganya uamuzi wa wafadhili na kosa la kopo.

Mfano wa hesabu: unga gramu 400 kwa siku 28 ni kilo 11.2 kwa mtu, kilo 56 kwa kaya ya watu watano. Kopo likipunja asilimia 3, kaya inakosa kilo 1.68, chakula cha mtu mmoja kwa siku nne. Na hizo kilo 56 lazima zifike nyumbani. Uliza zimebebwaje. Anayembebesha mtu au mwenye baiskeli na kumlipa kwa unga analipa gharama ya usafiri isiyoonekana kwenye leja ya shirika lolote, na ni ya lojistiki kama ilivyo nauli ya lori.

Foleni nayo ipimwe hapo hapo. Hesabu waliosimama kila baada ya dakika 15, kuanzia kabla mtu wa kwanza hajafika hadi wa mwisho aondoke. Kanuni ya Little ya 1961 inatosha: wastani wa waliosimama, gawa kwa idadi inayohudumiwa kwa saa, unapata wastani wa kusubiri. Watu 240 kwenye foleni na kituo kinachohudumia 80 kwa saa ni saa tatu. Mhesabu wako wa kwanza awe nje ya geti saa 11 alfajiri, kwa sababu foleni halisi huanza huko. Ukihesabu kuanzia milango inapofunguliwa, umemkata mtu nusu ya kusubiri kwake.

Mahojiano

Yaje baada ya karatasi na mizani, ili uwe na cha kuulizia. Dereva usimuulize safari huchukua saa ngapi. Atakupa jibu la bosi wake. Muulize safari ya mwisho alilala wapi usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Madereva husahau saa, ila hawasahau walipolala: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi. Mfuate anaposubiri kushusha, ana muda na ana la kusema.

Mtunza ghala muulize gunia likipasuka linafanywaje, nani anashona, ufagio unapeleka wapi uliomwagika. Swali la "mnaibiwa?" hufunga mlango. Kwa Warundi tumia Kirundi. Wakongo wengi wa Nyarugusu wanaelewa Kiswahili, ingawa si lazima maneno ya ghalani yawe na maana ileile kwao. Mkalimani asiwe kiongozi wa kijiji cha kambi wala mchotaji. Mahojiano 25 hadi 30 yanatosha, ilimradi yagawanyike kwa kazi. Thelathini ya mameneja watupu ni mahojiano yaleyale yaliyorudiwa.

Kuchanganua, na kurudisha

Shehena ambazo bado ziko njiani siku unapofunga data zisitupwe. Ukizitupa umeondoa zile zilizokwama, na muda wako utaonekana mfupi kuliko ulivyo. Ziandike kama "bado, siku kadhaa hadi sasa" na utumie mbinu ya Kaplan na Meier, inayokadiria muda bila kuziacha zile ambazo hazijafika, na ambayo iko kwenye programu za takwimu za bure kama R. Saa iliyokosekana kwenye hati iachwe wazi, isijazwe kwa wastani.

Ukipata mtawanyiko wa muda wa safari, akiba inajipatia hesabu. Tuseme kambi ya watu 70,000 hula gramu 500 kwa mtu, yaani tani 35 kwa siku, na muda wa safari una mtawanyiko wa siku sita. Kwa uhakika wa asilimia 95, 1.65 (si 1.96, kwa kuwa hapa tunaogopa upande mmoja tu, wa kuchelewa) zidisha 35 zidisha 6 ni tani 346.5, karibu malori 12 ya tani 30. Fanya hesabu hiyo mara mbili, kiangazi na mvua, kwa sababu jibu moja la mwaka mzima litajaza ghala Julai na kulikausha Februari. Modeli kubwa za kompyuta zingoje. Zikilishwa saa 17:00 za mtunza ghala zitatoa upuuzi wenye desimali nne.

Majina, namba za gari na za kadi zitenganishwe na data siku hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Usichapishe mahali pa ghala pamoja na kiasi kilichomo, wala ratiba ya malori. Upotevu uripotiwe kwa hatua ya safari, si kwa zamu, kwa sababu zamu ina watu wawili na kila mtu Kasulu anawajua.

Kabla ya kuandika rasimu ya mwisho, rudi na jedwali kwa makarani, watunza ghala na walinzi wenyewe, siku moja, na chai. Waonyeshe vipande vya safari vilivyorefuka. Siku nne zilizosimama Isaka ulizotaka kuziita uzembe, mtu wa nyuma atainua mkono akwambie ghala lilikuwa limefungwa kwa kupuliziwa dawa ya wadudu, na kadi ya rundo yenye tarehe hizo anayo mfukoni.